Jinsi ya kupata tuzo inayomfanya mtoto ajifunze kweli

Maswali ni yale yale kila muhula unapoanza. "Mwanangu anapenda biskuti kupita kiasi, mbona nikimwahidi biskuti haandiki?" "Wiki iliyopita alikuwa anaukimbilia mpira, leo hata hautazami, shida ni nini?" "Nimpe nini mtoto asiyependa kitu chochote?"

Mwongozo huu ni wa walimu wa vitengo vya elimu maalumu, wazazi na walezi wa watoto wenye usonji au ulemavu wa akili, hasa wale wasioweza kusema kwa maneno wanataka nini. Njia zilizomo zinatoka katika uchambuzi wa tabia, yaani elimu inayochunguza jinsi yanayotangulia na yanayofuata tendo yanavyolibadilisha, na zimefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Hazihitaji mashine wala fedha nyingi. Zinahitaji subira, daftari na uaminifu wa kuandika ulichokiona badala ya ulichokitarajia.

Shika tofauti hii kabla ya yote. Kipendwa ni kitu ambacho mtoto anakichagua anapowekewa pamoja na vingine. Tuzo ni kitu ambacho kikifuata baada ya tendo fulani, tendo hilo linaongezeka. Kipendwa unakiona papo hapo. Tuzo huijui mpaka uhesabu. Mtoto anayeila biskuti kwa furaha lakini haongezi hata herufi moja amekuonyesha kipendwa, na biskuti hiyo bado si tuzo kwa kazi ile, kwa wakati ule. Hatua ya 1 hadi ya 6 hapa chini zinatafuta vipendwa. Ya 7 na ya 8 zinapima kama vimekuwa tuzo.

Andaa haya kwanza

- Daftari lenye mistari na kalamu mbili.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Meza ndogo, au mkeka kama mtoto amezoea kukaa chini.
- Sinia au ubao mwepesi wa kupangia vitu, ili uvisogeze vyote kwa mara moja.
- Vitu 8 hadi 12 vya kujaribu, vya kula na vya kuchezea.
- Kopo na vizibo vya chupa 60 kwa ajili ya hatua ya 7. Kama mtoto hutia vitu mdomoni, tumia vipande vikubwa vya mbao badala ya vizibo.
- Mtu wa pili wa kuandika, akipatikana. Ukiwa peke yako inawezekana, ila fanya polepole.

Muulize mzazi kuhusu mzio, kifafa, kisukari na shida ya kumeza. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu usimpe mtoto wa chini ya miaka 5, wala mkubwa ambaye hatafuni vizuri.

Hatua ya 1: Uliza, kisha tazama

Usimuulize mzazi "anapenda nini?" ukaishia hapo. Utajibiwa "anapenda soda", nawe utanunua soda. Uliza kwa mafungu: anapenda kuonja nini, kusikia nini, kushika nini, kutazama nini, mwendo gani (pembea, kurushwa juu, kukimbia), na anapenda nani afanye nini naye. Kwa kila jibu ongeza swali moja: "Ukikificha, anakitafuta?" Anachokitafuta kina uzito kuliko anachokipokea tu.

Halafu mwache huru dakika 10 uandike anachofanya. Hapa usidharau mambo yanayoonekana ya ajabu: kuzungusha kifuniko cha sufuria, kumwaga maji kutoka kikombe hadi kikombe, kuvuta uzi wa mkeka. Mwanasaikolojia David Premack alieleza mwaka 1959 kwamba tendo ambalo kiumbe hulifanya sana akiachwa huru linaweza kutumika kuongeza tendo analolifanya kwa nadra. Kwa mtoto "asiyependa kitu", orodha yako itatoka kwenye dakika hizi 10.

Maoni ya watu wazima yanasaidia kutengeneza orodha, lakini si kipimo. Utafiti wa Green na wenzake wa mwaka 1988 ulilinganisha maoni ya wafanyakazi na vipimo vya utaratibu kwa watu wenye ulemavu mkubwa, na viwili hivyo havikukubaliana.

Hatua ya 2: Chuja orodha

Kila kitu kipitishe kwenye maswali manne. Ni salama? Unaweza kukitoa kidogo kidogo? Unaweza kukirudisha mikononi mwako bila vita? Unaweza kukizuia kisipatikane bure siku nzima? Simu ya mama hufeli swali la tatu na la nne, ndiyo maana huwachosha wengi. Mapovu ya sabuni hufaulu yote: unayapuliza, yanapasuka, yameisha, hakuna cha kumnyang'anya mtoto.

Baki na vitu 5. Vya kula vijaribu peke yake na vya kuchezea peke yake. Watafiti DeLeon, Iwata na Roscoe walionyesha mwaka 1997 kwamba vikichanganywa, chakula hupanda juu na kuvisukuma chini vitu vya kuchezea ambavyo vingeweza kufanya kazi vizuri. Ukichanganya utadhani mtoto hataki mchezo wowote, kumbe bisi zimeziba njia.

Kuna mambo ambayo hayaingii kwenye orodha kabisa: uji wa saa nne, chakula cha mchana, maji ya kunywa, kwenda chooni, na kile kitambaa au khanga anayoishika ili atulie. Hivyo ni haki yake. Mtoto asifanyishwe kazi ili apate chakula chake.

Hatua ya 3: Mwonjeshe kila kitu

Kabla ya kumtaka achague, mpe kila cha kula kipande kimoja, na kila cha kuchezea sekunde 30. Mwonyeshe kinavyofanya kazi. Mtoto ambaye hajawahi kusikia kayamba hawezi kuichagua, na wewe utaandika kwamba haipendi.

Hatua ya 4: Chagua aina ya jaribio

Huwezi kutumia njia moja kwa watoto wote.

Kama mtoto hawezi kuchagua kati ya viwili, kwa mfano hunyakua vyote au huangalia kimoja tu, tumia *kimoja kimoja*. Mwekee kitu kimoja, subiri sekunde 5, andika kama amekiendea au la. Rudia hadi kila kitu kimetokea mara 10. Njia hii ilielezwa na Pace na wenzake mwaka 1985, na kipimo chao cha kipendwa kilikuwa kukiendea angalau asilimia 80 ya mara. Udhaifu wake ni kwamba watoto wengine huendea kila kitu, ukabaki hujui kipi kimezidi.

Kama anaweza kuchagua kati ya viwili lakini vitano vinamchanganya, tumia *jozi*, njia ya Fisher na wenzake ya mwaka 1992. Kila kitu kikutane na kila kingine. Vitu 5 vinakupa jozi 10. Vitu 8 vinakupa 28. Ndiyo sababu nakushauri ubaki na 5.

Kama hulia au hupiga unapomwondolea kitu, tumia *muda huru*, njia ya Roane na wenzake ya mwaka 1998. Weka vitu vyote kwenye mkeka kwa dakika 5, usimwondolee chochote, na kila baada ya sekunde 10 andika anashika kipi.

Kwa watoto wengine wote tumia *safu*, ambayo DeLeon na Iwata waliitoa mwaka 1996. Hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, kwa sababu inachukua muda mfupi na inapanga vitu kwa daraja.

Hatua ya 5: Fanya jaribio la safu

1. Panga vitu 5 kwenye sinia katika mstari mmoja, nafasi ya vidole vitatu kati ya kimoja na kingine. Vyote viwe umbali sawa kutoka kwa mtoto, ndani ya urefu wa mkono wake.
2. Sogeza sinia mbele yake na useme, "Chagua kimoja." Sema mara moja tu. Usitazame kile unachodhani atachukua. Watoto hufuata macho ya mwalimu.
3. Alichogusa kwanza ndicho alichochagua. Akinyoosha mikono miwili, zuia sinia kwa upole, irudishe, anza tena.
4. Kama ni cha kula, mwache amalize. Kama ni cha kuchezea, mpe sekunde 30, kisha nyoosha mkono upewe.
5. Alichochagua usikirudishe kwenye safu. Kitu kilichokuwa mwisho wa kushoto kipeleke mwisho wa kulia, na utengeneze nafasi upya.
6. Rudia: vinne, vitatu, viwili, kimoja.
7. Zikipita sekunde 30 hajagusa chochote, simamisha kikao. Vilivyobaki andika "havikuchaguliwa".

Fanya vikao 3, ikiwezekana siku tofauti. Carr na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba vikao 3 vinaweza kutosha badala ya 5.

Makosa ya hapa yanajulikana. Mwalimu anasahau kuhamisha nafasi, mtoto anachukua cha kulia kila mara, na daftari linapima upande badala ya kitu. Mwingine anasema "safi sana!" mtoto akichukua kitabu cha picha na ananyamaza akichukua gari. Katika kipimo hiki hakuna jibu sahihi, kwa hiyo usimsifu wala usimkunjie uso. Kosa la tatu ni kupima mara tu baada ya chai, kisha kushangaa kwamba bisi zimeshuka.

Hatua ya 6: Hesabu

Kwa kila kitu, chukua idadi ya mara kilizochaguliwa, gawanya kwa idadi ya mara kilizokuwa mbele ya mtoto, zidisha kwa 100. Mfano wa vikao 3 ("cha 1" maana yake kilichaguliwa kwanza katika kikao hicho, "cha 2" kilichaguliwa cha pili, na kuendelea):

- Mapovu ya sabuni: cha 1, cha 1, cha 2. Yalikuwepo mara 1+1+2 = 4, yakachaguliwa mara 3. Asilimia 75.
- Kayamba: cha 2, cha 3, cha 1. Mara 3 kati ya 6. Asilimia 50.
- Gari: cha 3, cha 2, cha 3. Mara 3 kati ya 8. Asilimia 38.
- Mpira: cha 4, cha 4, cha 5. Mara 3 kati ya 13. Asilimia 23.
- Kitabu cha picha: cha 5, cha 5, cha 4. Mara 3 kati ya 14. Asilimia 21.

Angalia kwamba kitu kinachochaguliwa cha mwisho kila siku bado kinapata asilimia 20. Usiisome namba hiyo kama "anakipenda kidogo". Soma daraja, na pengo kati ya daraja na daraja.

Hatua ya 7: Pima kama kipendwa ni tuzo

Wengi huishia hatua ya 6, na hapo ndipo biskuti inapokosa kumfanya mtoto aandike. Orodha uliyonayo inakuambia atachukua nini kikiwa bure. Haijakuambia atafanyia kazi nini.

Chagua tendo rahisi ambalo tayari analiweza, kwa mfano kutia kizibo ndani ya kopo. Usitumie somo jipya. Akishindwa hutajua kama tuzo ni dhaifu au somo ni gumu.

*Bila tuzo.* Weka vizibo na kopo. Mwonyeshe mara moja, kisha mwache dakika 5. Akitia kizibo, hakuna kinachofuata. Hesabu vizibo. Fanya vikao 3.

*Kwa tuzo.* Kila kizibo kikiingia, puliza mapovu ndani ya sekunde 1 au 2, aangalie sekunde 20, kisha endelea. Na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu hesabu: simamisha saa wakati anafurahia mapovu. Akitia vizibo 18, mapovu peke yake yamekula dakika 6, kwa hiyo kikao cha dakika 5 za kazi kitachukua 11 za saa ya ukutani. Usiposimamisha saa, tuzo nzuri itaonekana mbovu kwa sababu tu inachukua muda kufurahiwa. Fanya vikao 3.

*Rudi bila tuzo*, kisha *rudi kwa tuzo.* Marudio haya ndiyo yanayokuhakikishia kwamba mabadiliko yametokana na mapovu, si na mtoto kuuzoea mchezo wa kopo.

Namba za kukutia moyo zitafanana na hizi: bila tuzo 6, 4, 3, kwa tuzo 15, 19, 18, bila tuzo 9, 5, 3, kwa tuzo 17, 20. Unapoiondoa tuzo, kikao cha kwanza mtoto anaweza kuongeza kasi au kukasirika. Ni kawaida na hupungua. Akianza kujiumiza, acha kipimo.

Kama namba hazipandi, mapovu ni kipendwa kisichokuwa tuzo kwa sasa. Jaribu cha pili kwenye orodha. Na cha tatu usikitupe. Roscoe, Iwata na Kahng walionyesha mwaka 1999 kwamba kitu ambacho mtu anakikataa kikiwekwa pamoja na kipendwa chake kikubwa kinaweza kuendeleza kazi vizuri kikiwa peke yake. Gari la asilimia 38 linaweza kukuvusha siku sabuni imeisha.

Hatua ya 8: Pandisha bei

Hatua hii ifanye kwa vitu viwili vilivyofaulu, ujue kipi kibebe kazi ngumu. Kizibo 1 kwa tuzo 1, halafu 2, halafu 4, 8, 16. Asipotia kizibo kwa dakika 1, simama na uandike bei ya mwisho aliyoikamilisha. Vitu viwili vinaweza kulingana kabisa kwenye bei ya 1, kimoja kikakata tamaa kwenye 4 na kingine kikafika 16. Cha 16 kiweke kwa kazi nzito, kama kuandika au kuvaa viatu. Cha 4 kinatosha kwa kazi alizokwisha kuzizoea.

Hiki ni kipimo cha mara chache, na hakina uhusiano na ratiba ya kufundishia. Darasani usimtoze mtoto 16 kwa sababu ulimwona siku moja akifika 16.

Hatua ya 9: Itumie darasani

Anza kwa kutoa tuzo kila anapofanya tendo unalotaka, ndani ya sekunde 2. Toa kidogo: bisi moja, biskuti ya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, mchezo wa sekunde 20 hadi 30. Taja alichofanya huku ukimpa ("Umevua kiatu!"), ili sauti yako nayo ianze kupata thamani. Akishafanya vizuri siku tatu mfululizo, nenda kwenye tuzo moja kwa matendo 2, kisha 3.

Kila asubuhi, kabla ya somo, nyoosha vitu viwili mkononi umwachie achague. Inachukua sekunde 10 na inakuokoa na siku nzima ya kutumia kitu kilichokwisha mchosha. Elewana na nyumbani pia: kama mapovu ni tuzo ya darasani, yasipulizwe bure jioni nzima. Kwa watoto wakubwa walioanza kufunga, mwezi wa Ramadhani tayarisha mapema orodha isiyo na chakula.

Usitoe tuzo ili kunyamazisha kilio. Mtoto akilia, ukamwonyesha mapovu, akanyamaza, unaweza kuwa umekifundisha kilio kazi ya kuita mapovu.

Mambo yakienda mrama

*Anachukua upande mmoja tu.* Weka kipendwa kikubwa upande wa pili. Akiendelea, panga vitu juu na chini badala ya kushoto na kulia, au rudi kwenye kimoja kimoja.

*Namba zinabadilika kila kikao.* Angalia saa na kilichotangulia. Pima saa ile ile ambayo utafundisha. Zikiendelea kuyumba, vitu vyako huenda vinalingana kwake. Hapo vitumie kwa kubadilishana, leo hiki, kesho kile.

*Unatumia picha za vitu badala ya vitu vyenyewe; anachagua picha vizuri lakini haonekani kufurahi.* Kila akichagua picha mpe kitu chenyewe papo hapo. Picha isiyoleta kitu hupoteza maana.

*Kilifaulu hatua ya 7, somo jipya kikashindwa.* Punguza somo kabla ya kubadilisha tuzo. Mwombe afanye sehemu ya mwisho tu, umsaidie mkono kwa zilizotangulia. Kama bado, bei yako ni kubwa au tuzo inachelewa.

*Hakuna kinachofanya kazi, na mtoto anasukuma meza kila mara.* Huenda anachotaka kuliko vyote ni kuondoka pale. Basi kuondoka kuwe tuzo: kizibo kimoja, mapumziko ya dakika 1 mbali na meza, arudi. Mfundishe pia ishara au kadi ya kuomba mapumziko, na mwanzoni mkubalie kila anapoomba. Mapumziko nayo yapime kama ulivyopima mapovu, kwa vikao vya bila tuzo na vya kwa tuzo, na saa isimame anapopumzika.